Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utamaduni, biashara na utalii Mombasa: Zawadi zetu zibaki na majina ya waliozitengeneza

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, mimi ni mtunza daftari katika nyumba ndogo ya sanaa ya kijamii iliyomo katika vichochoro vya Mji wa Kale, si mbali na Ndia Kuu. Mafundi wapatao thelathini, wengi wao wanawake, hutuletea kazi za mikono yao ili ziuzwe kuwa zawadi: makawa, yaani vile vifuniko vya sinia, na misala ya ukindu, kofia za kushonwa kwa sindano, vikapu, fremu za mwarobaini zilizochongwa nakshi, mapambo ya fedha na shanga, na michoro ya milango na roshani za mitaa yetu. Kila kitu kinapopokelewa huandikwa daftarini jina la aliyekitengeneza, mtaa wake, alichotumia, muda uliomchukua na bei aliyoikubali. Maelezo hayo hayo hunakiliwa kwenye kikadi cha karatasi nene, nacho hufungwa kwa uzi kwenye kazi yenyewe. Katika kila shilingi mia ya mauzo, themanini na tano humwendea fundi, na kumi na tano hubaki kwa ajili ya kodi ya nyumba, umeme na karatasi za vikadi. Barua hii ninawaandikia kwa sababu ya vikadi hivyo.

Mwaka jana ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu, ilituagizia makawa 40 ya kuwapa wageni wa mkutano uliofanyika katika hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini. Tulifurahi mno. Kinamama tisa walisuka kwa wiki sita, na wawili kati yao waliwarudishia watu oda za mikeka ya harusi ili wawahi tarehe ya mkutano. Siku ya kukabidhi, afisa aliyetumwa aliyatazama makawa, akayasifu kwa dhati, kisha akaomba vikadi vyote vikatwe, kwa maelezo kwamba zawadi ni ya ofisi na mgeni anapaswa kuona jina moja tu. Alikuja na vibandiko vyenye nembo, vya kubandikwa ndani ya kila kawa. Mkasi niliushika mimi. Nilikata uzi mmoja baada ya mwingine, wasukaji wawili wakiwa wamesimama mlangoni wakinitazama, na hakuna aliyetamka neno mpaka gari lilipoondoka. Malipo yalifika baada ya miezi saba, na hilo nalo lilituumiza, ila kucheleweshewa malipo ni maradhi ambayo kila mwenye biashara ndogo hapa Mombasa ameshayazoea. Kukata majina ya watu sikuwa nimewahi kuombwa, na tangu siku ile moyo wangu haujatulia.

Naomba mniruhusu niwaeleze namna kawa linavyotengenezwa, maana ninaamini kwamba aliyetoa agizo lile hakukusudia ubaya. Hakuwa amewahi kukaa mkekani karibu na msukaji akaona. Kazi huanzia mbali na mji, kwenye kingo za mito na mabonde yenye unyevu ambako mkindu huota. Makuti machanga, yale ambayo bado hayajafunguka, hukatwa, yakaanikwa juani mpaka yakapauka, yakafungwa mafungu na kuletwa sokoni. Fundi huyachana kwa ukucha au kwa ncha ya sindano mpaka apate chane nyembamba zinazolingana, kisha huzigawa: nyingine hubaki nyeupe, nyingine huchemshwa kwenye sufuria yenye rangi, nyekundu, zambarau, kijani au nyeusi. Chane kavu hukatika, kwa hiyo husuka akiwa na bakuli la maji ubavuni, akizilowesha kila mara. Anachosuka kwanza ni ukili, yaani ule utepe mrefu ambao hupimwa kwa pima, na ukili ukishatosha ndipo huzungushwa kuanzia kileleni ukishuka, mzunguko chini ya mzunguko, huku ukishonwa kwa sindano kubwa mpaka upate umbo la kufunikia sinia. Mshono ukivutwa mno, kawa hujikunja. Ukilegea, hukaa upande. Hakuna kipimo cha kati kilichoandikwa popote. Kimo vidoleni mwa anayeshona.

Bi mmoja wa Kisauni, aliyeanza kusuka akiwa binti mdogo, aliwahi kunionyesha mahali kwenye kawa lake ambapo chane nyeusi imeruka hatua moja, kiasi ambacho mimi nisingekiona hata kama ningelikagua mara kumi. Aliniambia kwamba hapo ndipo mjukuu wake alipoanguka barazani, akainuka kwenda kumtazama, na aliporudi hesabu ilikuwa imempotea. Nilimuuliza mbona hakufumua. Akanijibu kwamba doa lile ndilo litakalomtambulisha kawa lake popote litakapokuwa, hata likifika ng'ambo. Kawa hilo lilikuwa miongoni mwa yale 40. Sasa liko kwa mgeni mmoja, sijui nchi gani, likiwa na nembo ya ofisi ndani yake, na mwenye kulimiliki hana njia ya kujua kwamba Kisauni kuna mama ambaye angelitambua kwa kuligeuza mara moja tu.

Jina pia ni sehemu ya bei, na hili ndilo ambalo wanunuzi wa ofisini huwa hawalifikirii. Chukueni mfano wa kofia. Mchoraji huchora nakshi kwa kalamu kwenye kitambaa cheupe, kisha mshonaji huijaza kwa sindano: kuna sehemu za uzi uliolazwa, na kuna vitundu vidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, kila kimoja kikizungushiwa uzi pande zote ili kisifumuke. Kofia moja hula miezi, kwa sababu hushonwa kati ya kupika, kulea na kuswali, na macho huchoka kabla ya mikono. Kwetu kofia ya namna hiyo huuzwa shilingi 7,000. Ile ya mashine, ambayo ukiiona kwa mbali hutaitofautisha, haifikii hata sehemu ya kumi ya bei hiyo. Mteja akizikuta zote mbili mezani bila maelezo, atauliza kwa nini tunamwibia. Akisoma kwenye kikadi kwamba kofia hii ilishonwa Kibokoni na mtu mwenye jina, kuanzia mfungo sita hadi Ramadhani, huacha kuuliza bei, akaanza kuuliza habari za mshonaji. Nimelishuhudia jambo hilo mara nyingi sana. Karatasi ya ukubwa wa vidole viwili hufanya kazi ambayo mimi, kwa maneno yangu yote, siwezi kuifanya.

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa thamani ya jina lililo kwenye kitu. Leso, hata ikiwa na rangi nzuri namna gani, haijakamilika mpaka iwe na yale maneno yake, na maneno yale sisi tunayaita jina. Mwanamke anayeingia dukani Mtaa wa Biashara husoma jina kabla ya kushika kitambaa, kwa sababu leso atakayompa mkwewe, jirani au wifi yake itasema kwa niaba yake. Na huwa kuna jina la pili pia. Leso za Mali ya Abdulla, nyumba ya biashara ambayo imekuwapo tangu mwaka 1887, zimechapwa jina la mwenye mali kwa vizazi, na sijapata kusikia mtu aliyenunua doti kumi za kutunzia harusini akaomba jina hilo likatwe ili tunzo ionekane ni yake peke yake. Mtoaji ana nafasi yake na mwenye kazi ana nafasi yake, na kitambaa kimoja huwatosha wote wawili. Ndiyo maana sioni kwa nini nembo ya ofisi na jina la Bi wa Kisauni visingeweza kukaa kwenye kawa moja.

Kinyume cha hayo pia tumekiona, tena karibu sana na nyumbani. Ndugu zetu Wagiriama waliibiwa vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa na kusimikwa kwa ajili ya wazee waliofariki wa chama cha Gohu, vikavushwa na kuuzwa Marekani kama mapambo ya ukumbini, bila jina la marehemu wala la ukoo wake. Mwaka 2007 vigango viwili vilirudi kutoka makumbusho ya Jimbo la Illinois na ya Chuo Kikuu cha Hampton, na viliweza kurudi kwa sababu palikuwa na picha na kumbukumbu zilizoonyesha vilikuwa vya familia ipi. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver ilitangaza kwamba ingerudisha vingine 30, na hapo ndipo ugumu wa kujua kila kimoja kilitoka kwa nani ulipoonekana. Kigango si zawadi. Kwetu hakiuzwi wala hakiigizwi, na fundi aliyewahi kutuletea vielelezo vidogo vya vigango tulimrudishia kwa adabu. Ninalitaja jambo hili kwa sababu ndani yake mna funzo la moja kwa moja kwa yeyote anayetunza daftari: kitu kilichoandikwa jina kina mahali pa kurudi.

Nikitazama Fort Jesus kila asubuhi ninapokwenda kazini, hunijia wazo hilo hilo. Ngome ile ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kila mgeni huelezwa kwamba aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati. Waliochonga mawe ya matumbawe na kuyabeba mabegani hawatajwi majina. Miaka zaidi ya 400 imepita, na hatuwezi kuyarudisha majina hayo. Ya kinamama wa leo tunayo, yameandikwa kwa wino, na hakuna sababu ya sisi wenyewe kuyafuta.

Nje ya lango la ngome hiyo, na katika njia zote ambazo wageni hupitia, zawadi zinauzwa kwa wingi, na ningependa nieleweke vizuri hapa: sina ugomvi na wenye vibanda. Ni wenzetu, wanalipa ushuru, wana watoto shuleni. Lakini mgeni anayepita hapo huona vinyago vya mawe ya sabuni vilivyochongwa Tabaka kule Kisii, picha za mtindo wa Tingatinga uliozaliwa Dar es Salaam miaka ya 1960, shanga za Kimaasai, na katikati yake bidhaa za kiwandani kutoka ng'ambo zilizochapwa neno Mombasa, na vyote hivyo humfikia kama kitu kimoja, zawadi ya Mombasa. Fundi wa Tabaka naye ananyimwa haki yake hapo, kwa kuwa kazi yake hupewa mji usio wake. Kikadi kingemfaa yeye sawasawa na kinavyomfaa mshonaji wa Kibokoni, na kingemsaidia mwenye kibanda mwaminifu kujitofautisha na anayeuza plastiki kwa jina la ufundi.

Mombasa haianzi leo kuwa na mafundi waliojipanga. Ushirika wa wachongaji wa Kikamba uliopo Changamwe uliundwa mwaka 1963, na karakana za Bombolulu zilianza mwaka 1969 ili watu wenye ulemavu wapate kuishi kwa kazi ya mikono yao, katika mapambo, ngozi, mbao na ushonaji. Mahali hapo pawili pamelea familia nyingi, na wageni wamepanda magari kwenda kuwatazama mafundi wakiwa kazini, jambo linaloonyesha kwamba wanunuzi wanaotaka kumjua aliyetengeneza wapo, tena hawakuanza jana. Nyumba yetu ni tone tu kando ya hizo. Ila tone letu lina jambo ambalo ninaliona ni la msingi: linawafikia wale wasioweza kutoka nyumbani kwenda karakana, yaani mama mwenye mgonjwa, bibi asiyeweza kupanda matatu, na binti ambaye wazazi wake wamemruhusu kushona lakini hawajamruhusu kuuza barabarani. Kazi zao hutoka nyumbani bila wao kutoka, na kama jina nalo halitoki, basi hakuna kilichotoka isipokuwa jasho.

Waheshimiwa, sheria iko upande wa ombi langu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na inaitaka Dola iendeleze haki za ubunifu za watu wa Kenya. Jedwali la Nne limeziweka shughuli za utamaduni, leseni za biashara, masoko na utalii wa ndani mikononi mwa serikali za kaunti. Na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni inaipa kaunti jukumu la kusajili maarifa ya jamii zilizomo ndani yake. Ninachoomba ni kwamba usajili huo, popote ulipofikia, usiishie kuandika kwamba Mombasa kuna ususi wa ukindu na ushonaji wa kofia. Hilo kila mtu analijua. Uandike ni nani wanaosuka na ni nani wanaoshona, wakiwa hai, kwa majina waliyoyachagua wenyewe. Daftari letu la miaka kadhaa liko tayari kutolewa nakala kwa kazi hiyo, bila malipo, pindi wenyewe watakapotoa ridhaa.

Nimesema majina waliyoyachagua wenyewe, na si bure. Kuna kinamama wa Mji wa Kale ambao hawapendi majina yao kamili yazunguke mikononi mwa watu wasiowajua, na ni haki yao. Mmoja hutumia jina la mwanawe wa kwanza, akajiita mama wa fulani. Mwingine ametaka iandikwe herufi mbili na mtaa. Wa tatu hataki herufi hata moja. Amebuni alama ya jani la mkindu, nasi huigonga kwenye kikadi kwa muhuri wa mpira. Vyote hivyo ni majina. Tofauti iliyopo kati ya mtu aliyechagua kujisitiri na mtu aliyekatwa kwa mkasi ni kubwa, na ningeomba kujisitiri huko kusichukuliwe kuwa kisingizio cha kuyakata majina.

Ombi langu kubwa ni hili: zawadi zote zinazonunuliwa kwa fedha za umma, ziwe za wageni wa mikutano, za wajumbe wa miji rafiki, za washindi wa mashindano ya shule au za wastaafu wa idara, zinunuliwe zikiwa na jina la fundi na zikabidhiwe zikiwa nalo. Nembo ya ofisi iwekwe, tena tutafurahi kuiona. Kwenye hati ya kuagizia uongezwe mstari mmoja unaosema kwamba kikadi cha fundi hakitaondolewa. Ni mstari mmoja tu, na hauigharimu hazina ya umma hata senti.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa sababu nimelisikia uso kwa uso. Huambiwa kwamba kazi ya mikono ni polepole na hailingani, na kwamba ofisi inahitaji vitu 200 vinavyofanana kufikia Ijumaa. Kuhusu kazi kuwa polepole, nitajibu kwamba wageni wa Mombasa hawatuvamii. Meli za watalii huja kwa ratiba, maonyesho ya kilimo hufanyika kila mwaka, na mkutano mkubwa huwa umepangwa miezi kadhaa kabla hata ya hoteli kulipwa. Kinachochelewa ni barua ya kuagiza. Msukaji akipewa taarifa ya miezi mitatu na malipo ya awali ya kununulia ukindu, ambao hupanda bei kila barabara zinapoharibiwa na mvua, atamaliza kwa wakati, na daftari letu linathibitisha kwamba oda zilizotolewa mapema zimekabidhiwa kwa tarehe. Malipo hayo ya awali yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mama asiyekuwa nayo hukopa kwa mwenye ukindu, kisha hulazimika kumuuzia huyo huyo kazi yake kwa bei ya kutupa, na oda ya ofisi ikabaki nusu. Kuhusu kutolingana, makawa 40 yale yalilingana kipenyo kwa kuwa tulitumia kipimo kimoja cha mti, na yalitofautiana nakshi kwa kuwa yalisukwa na watu tisa. Mgeni anayepewa kitu ambacho jirani yake mezani hana mfano wake amepewa heshima kubwa zaidi, na nimewaona wageni wakibadilishana na kulinganisha kwa furaha kama watoto siku ya Idi.

Kuna pia habari ya makaratasi. Asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kwa sura hiyo wasukaji wetu wangekuwa wa kwanza kufaidika. Lakini mama mwenye sindano na bakuli la maji hana kampuni, hana mhasibu, na tangazo la tenda huwa limefungwa kabla halijamfikia. Kikundi kilichosajiliwa, chenye nyumba inayojulikana na daftari linaloweza kukaguliwa, kinaweza kusimama katikati, kikatoa risiti moja kwa niaba ya watu tisa, kisha kikawagawia kila mmoja kilicho chake kwa saini. Tunaomba nyumba za sanaa za kijamii zitambuliwe kwa kazi hiyo, na katika leseni ziwe na fungu lake, kwa kuwa duka linalonunua kwa jumla na kuuza kwa rejareja halifanani na nyumba inayomhifadhia fundi kazi yake mpaka iuzwe.

Mikoba ya mikutano ningependa niizungumzie peke yake, kwa sababu hapo pana fursa ambayo tumeiacha ipite. Mwezi Agosti mwaka 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na kwa muda mfupi tulidhani kikapu kimerudi. Badala yake ilikuja ile mifuko myepesi inayofanana na kitambaa, ambayo nayo hutokana na plastiki, na mpaka leo ndiyo inayojazwa makabrasha na kalamu katika mikutano mingi, ikifika nyumbani kwa mgeni ikiwa imeshachanika mshikio. Mkoba wa ukindu wenye mshikio wa ngozi hubeba makabrasha hayo hayo, hudumu kwa miaka, na mgeni huenda nao sokoni kwao. Hata nusu tu ya mikutano inayofadhiliwa kwa fedha za umma katika mji huu ikibadilisha mkoba, wasukaji wetu wasingekuwa na msimu wa njaa. Wakati huo huo ingefaa idara ya mazingira ianze kuotesha mkindu kwenye kingo za mito yetu, maana tukipata wanunuzi bila kupanda tutakuwa tunakata tu.

Mwisho wa maombi, na hili nalitaja kwa ufupi kwa kuwa ni jepesi: pale meli za watalii zinapotia nanga Kilindini, kwenye kituo cha reli cha Miritini kilichofunguliwa mwaka 2017, na katika uwanja wa ndege, pawekwe rafu moja moja ya kazi za mafundi wa Mombasa zenye vikadi. Rafu haihitaji sherehe ya uzinduzi. Inahitaji mbao, kufuli, na mtu mmoja anayejua kusoma daftari.

Nyumba yetu hufunguliwa kila siku isipokuwa Ijumaa mchana, na yeyote kati yenu akipenda kuja kuliona daftari atakaribishwa kwa kahawa na halua. Vikadi 40 nilivyovikata siku ile sikuvitupa. Viko kwenye bahasha, ndani ya droo ya kushoto ya meza yangu, kila kimoja kikiwa bado na kipande cha uzi wake. Ofisi iliyoyagawa makawa yale bila shaka inayo orodha ya wageni waliopewa. Ikitupatia anwani zao, tutavituma vyote kwa gharama yetu, pamoja na barua fupi ya kueleza kila kawa lilisukwa na nani, na Bi wa Kisauni ameniomba katika ile ya kwake niandike mahali pa kuitafuta ile chane nyeusi.

Wenu mwaminifu,

Mtunza daftari,
Nyumba ya sanaa ya kijamii,
Mji wa Kale, Mombasa